Raha ya Bure Ina Gharama Zake

Swali la kwanza ninaloulizwa ni bei, basi nianze nalo. Baiskeli niliyonayo sasa ni ya mtumba, ina gia na fremu nyepesi, nami niliinunua kwa shilingi 16,000. Iliyoitangulia ilikuwa 13,500, na nusu ya pesa hizo sikuziona tena. Kofia ngumu 2,800. Taa ya mbele na ya nyuma 1,200. Pampu ndogo, tyubu ya akiba, viraka na spana, kama 2,000. Bili ya hospitali nitaieleza ikifika zamu yake. Hesabu hizi naziweka mbele makusudi, maana majirani wakiniona narudi Jumapili adhuhuri, matope hadi magotini na kitabu kimechungulia kwenye mkoba, husema, "Mwenzetu umejipatia raha ya bure." Raha ni kweli. Hilo la bure ndilo lililonifanya nikae niandike.

Naishi Kahawa West na kazi yangu ni uhasibu, upande wa Viwandani. Anayeijua Nairobi anajua maana yake: unatoka nyumbani na giza, unarudi na giza, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na katikati ni tarakimu za watu wengine. Nilipofika miaka 44 daktari alinipima presha, akatazama kidude chake, kisha akanipima mkono wa pili. Akaniuliza, "Mama, wewe hupumzika saa ngapi?" Nikamjibu kwamba hulala saa tano. Akasema hakuuliza habari za kulala.

Nilitoka pale na dawa na agizo la kufanya mazoezi. Jimu nililipia mwezi mmoja, nikaacha kabla haujaisha. Kukimbia juu ya mashine inayokuacha palepale ulipoanzia, baada ya kushinda na leja, ni jambo la kusikitisha mno. Nilipojiuliza kwa dhati ninataka nini, jibu lilikuwa kitu nilichokitamani tangu utotoni. Nimezaliwa Kisauni, Mombasa. Kaka zangu walikuwa na baiskeli moja nzito ya chuma, zile zinazoitwa Black Mamba, wakiigombania usiku na mchana. Sisi wasichana tulipakiwa kwenye karia, miguu upande mmoja, tukaambiwa tushike sawasawa. Usukani hatukuugusa.

Nikampigia mama simu kumwarifu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, nanunua baiskeli."

Akanyamaza kidogo. "Ya kuuzia maji?"

Nilipomweleza, akanikumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba mimi nimeshakauka. Lakini akaniombea dua, na hilo lilinitosha.

Kuhusu kununua nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi huibiwa huku wakishukuru. Baiskeli za mtumba huletwa kwa kontena, nyingi kutoka Ulaya, na wauzaji huzipanga kando ya barabara zikimetameta. Kumetameta hakukwambii chochote. Muuzaji wa kwanza aliniuzia fremu ndefu ya mwanamume akisema, "Utazoea tu, madam." Fremu haizoeleki. Simama juu ya baiskeli, lile bomba la katikati likiwa kati ya miguu yako: nyayo zote mbili zikanyage chini na bado ibaki nafasi. Usipoweza, ondoka, hata akikupunguzia bei. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, utazame rimu inavyopita kati ya raba za breki. Ikiyumba kulia na kushoto, spoki zimelegea au rimu imepinda. Shika mkono wa pedali uusukume kuelekea fremu kisha uuvute. Ukicheza, beringi za katikati zimekwisha. Pitisha kidole kwenye maungio yote ya fremu ukitafuta ufa, hasa pale chini ya usukani. Mwisho, mpeleke fundi wako mwenyewe. Fundi aliye karibu na muuzaji ni wa muuzaji. Mara ya pili nilikwenda na fundi wa mtaani kwetu, nikamlipa 500 na nauli, naye alikataa baiskeli tatu kabla hata sijaziangalia rangi.

Tena kama hujawahi kabisa, usinunue. Kodi kwanza. Nitarudi kwenye hilo nikifika Karura.

Huyo fundi ndiye aliyenifundisha. Nilipomwambia sijui kupanda hakucheka wala hakushangaa. Alishusha kiti mpaka nyayo zangu zikakaa chini zote, kisha akang'oa pedali. (Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia, unazungusha kufuata mwendo wa saa. Nimewaona vijana wenye misuli wakiikaza badala ya kuifungua, wakitukana.) Akanipeleka kwenye uwanja wenye mteremko mdogo, akasema, "Sasa, mama, kaa halafu utembee." Basi nikawa natembea nimeketi, hatua ndefu, halafu ndefu zaidi, mpaka nikajikuta miguu iko hewani na baiskeli inakwenda. Kinachowashinda watu wazima ni kuambiwa wakanyage na wasimame sawa kwa wakati mmoja. Mwili ukishajua kusimama, pedali zinarudishwa na mambo yanaendelea yenyewe.

Aibu sasa. Tulikuwa tukienda alfajiri ili tusionekane, ila Kahawa West haina saa ambayo huonekani. Vijana wa bodaboda walinipigia makofi. Mmoja aliuliza, "Umekosa nauli, mathe?" Nikamwambia ndiyo, anichangie. Akacheka, akanipisha, na tangu siku hiyo hunisalimia. Nimegundua kwamba anayekudhihaki mara nyingi anataka tu ujibu. Mavazi nayo yana siri yake: suruali ya kubana ndani, sketi fupi ya kitenge juu, na upande wa mnyororo usivae kitu chochote kinachopepea. Buibui na cheni havipatani, nimejaribu.

Kabla ya barabara nilikwenda msituni. Karura ina hekta 1,000 na ushei katikati ya jiji, njia zake ni za udongo ulioshindiliwa, na kila njia panda ina kibao chenye namba, kwa hiyo hata ukipotea unaweza kusema umepotea wapi. Baiskeli hukodishwa huko huko, na ndiyo maana nasema usikimbilie kununua. Kaa nayo saa moja au mbili, uone kama makalio na moyo wako vinakubaliana. Beba simu yenye salio la M-Pesa, mambo ya noti hayakubaliki langoni. Nilipokuwa nikihema kwenye kilima kimoja mle ndani, askari wa msitu aliyepita aliniambia nisimame nitazame miti, hakuna anayenifukuza. Kweli hakuna aliyekuwa akinifukuza. Nikakumbuka kwamba miti ile ingekuwa nyumba za watu: Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda pale kupanda miche, ardhi ikiwa imeshagawiwa wajenzi, wakapigwa hadi damu. Miaka mitano baadaye akatuzwa Nobeli ya Amani. Mimi nilikuwa kijana wakati ule na nilidhani ni ugomvi wa wakubwa. Sikujua alikuwa akinitunzia mahali pa kujifunzia gia.

Barabara yenyewe, sasa. Kutoka kwetu unafuata Kamiti Road, unalipita gereza, unaingia kwenye mashamba ya kahawa kuelekea mji wa Kiambu. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi magari ni machache na walevi wa Jumamosi wamekwisha kulala. Ikishapita saa nne, rudi au jifiche, maana watu wanatoka kanisani na matatu zinafukuzana. Panda upande wa kushoto, lakini usijibane ukingoni kabisa. Ukijibana, gari linaona nafasi isiyokuwepo na linataka kupita. Dimbwi la maji usilipite katikati, hujui shimo lina kina gani. Matatu ikiwa imesimama stejini, chukulia kwamba mlango utafunguka na mtu ataruka, kwa sababu utafunguka na ataruka. Mbwa wa mashambani Kiambu wana wivu na baiskeli. Wengi wao ukishuka ukaiweka baiskeli kati yako na wao, hawana tena la kusema.

Ukitoka Kiambu, ukapita Ndumberi na kuelekea Limuru, njia inapanda karibu yote. Nairobi yenyewe iko juu, lakini Limuru inazidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Kisauni mapafu yake hayo anayajua. Mimi hupima mwinuko kwa mimea. Kwanza ni kahawa. Kisha kahawa inakuwa chache, ndizi na nyasi za ng'ombe zinaingia kati, halafu kwenye kona moja unageuka na chai inaanza, kijani kilichokatwa sawasawa hadi upeo wa macho. Chai ya kwanza nchini ilipandwa huku Limuru mwaka 1903. Ukiiona chai, vaa sweta, na kati ya Juni na Agosti vaa mawili, kwa sababu ukungu hauondoki kabla ya saa nne na jasho lako litageuka barafu mgongoni. Badili gia kabla ya kilima, usingoje mpaka umekwama. Mnyororo ukivutwa kwa nguvu huku unahamishwa hutoka au hukatika. Na kushuka ukasukuma si dhambi. Nimesukuma sana. Ukisukuma unaamkiana na watu, na mama mmoja wa Ndumberi alinipa parachichi mbili kwa sababu tu nilionekana nimechoka.

Anguko lilitokea kwenye mteremko, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Nilikata njia ya murram kufupisha safari. Udongo mwekundu wa Kiambu ukikauka ni sakafu, ukilowa ni sabuni, halafu hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Na breki za raba zina tabia yake: rimu ikilowa hazishiki mara moja, huteleza kwanza hadi zikaushe maji. Kwenye mvua unaanza kubana mapema, kidogo kidogo, zote mbili, kabla ya kona. Mimi nilibana ya mbele, kwa nguvu, ndani ya kona. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika.

Wachuma chai waliniokota. Makanga wa matatu alitaka 300 kwa ajili ya baiskeli, alipouona mkono wangu akaipandisha bure. Picha, plasta, dawa na kurudi kuangaliwa vilifika shilingi 11,400. Hayo yalilipika. Yaliyoniuma ni nyumbani. Baba watoto hakuniambia kitu, akawa anaosha vyombo kwa sauti. Binti yangu alilia, kisha akanikasirikia kwa kumliza. Mama kwa simu alisema, "Sikwambii kitu mwanangu," na mtu wa pwani akisema hivyo ujue amekwisha kukwambia. Na mimi mwenyewe nilikuwa na hofu ya kijinga kwamba nimepewa adhabu kwa kutaka kitu kisichokuwa cha lazima. Hofu hiyo nimeiona kwa wanawake wengi wa rika langu. Ukianguka ukienda sokoni ni bahati mbaya. Ukianguka ukijifurahisha, uliyataka.

Kwa mkono mmoja hufui, hupiki, hupandi baiskeli. Siku za kwanza nilishinda na simu mpaka macho yakawa na mchanga. Ndipo nikachukua kitabu cha fasihi cha binti yangu, kile anachosomea mtihani, nikakaa nacho barazani. Nilisoma ukurasa mmoja, mkono mzima ukaenda kutafuta simu. Nikasoma nusu ukurasa mwingine, ukaenda tena. Zamani mimi nilikuwa msichana wa kusoma kwa mwanga wa taa ya barabarani, na sasa kurasa mbili zinanishinda! Hilo lilinitisha kuliko mkono.

Njia niliyotumia kurudi ni ya kawaida kabisa. Simu ilikaa jikoni, ndani ya sufuria yenye kifuniko, kwa sababu kusikia kifuniko kikilia kulinipa haya. Nilianza na hadithi fupi. Kitabu kilichonichosha nilikiacha bila kukiaga. Umri wangu hauruhusu kumaliza vitabu kwa heshima. Na nilisoma kwa sauti usiku, binti yangu akijifanya hasikilizi.

Vitabu vya bei ya mtu wa kawaida vipo. Katikati ya jiji, kandokando ya Tom Mboya na mitaa inayoizunguka, kuna wauzaji wanaovipanga chini kando ya njia, tunawaita inama kwa kuwa huna budi kuinama. Shilingi 50, 100, ukipenda kitu sana na uso wako ukaonyesha, 300. Kwa hiyo usionyeshe. Na kabla ya kulipa tazama kurasa za mwisho kama zipo. Nina riwaya ya upelelezi ambayo mpaka leo sijui muuaji ni nani. Maktaba nazo tumezisahau. McMillan, ile ya Banda Street yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ina matawi Kaloleni na Makadara, na yale matawi yamekarabatiwa vizuri, watoto wamejaa. Mimi napenda Kaloleni. Unasoma kilio cha mtu wa kubuni huku nje kuna kelele za mpira wa kweli.

Kisha kikatokea kilichoviunganisha vitu hivi viwili, nami sikukipanga. Gereza la Kamiti nilikuwa nimelipita mara nyingi kiasi cha kulichukulia kuwa alama ya kona tu: hapa kata, hapa badili gia. Kwa inama mmoja nikapata Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya hiyo aliiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za choo, mle mle Kamiti, alikofungwa bila kushtakiwa tangu mwisho wa 1977 hadi mwishoni mwa 1978. Nilisoma nikiwa bado na plasta, na ukuta ule nauona kwa mawazo. Yeye ni mtu wa Kamirithu, Limuru, alizaliwa huko 1938. Kosa lake kubwa machoni pa serikali lilikuwa mchezo wa kuigiza ambao wanakijiji wenyewe, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na wa mashamba ya chai, waliuigiza katika ukumbi wa wazi waliojijengea 1977. Mchezo ukapigwa marufuku. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa, na leo pale pana chuo cha ufundi.

Kwa hiyo njia yangu ya Jumapili ilikuwa muda wote ule inatoka gerezani kwake na kufika kijijini kwake, nami nilikuwa nikiihesabu kwa vilima. Mkono ulipopona hiyo ndiyo safari ya kwanza niliyoitaka. Nilifika Kamirithu nimeloa jasho. Hakuna cha kuona, nakwambia wazi usiende na kamera: nyumba, maduka, watoto, majengo ya chuo. Nilikunywa chai kwenye kibanda na mzee mmoja akanionyesha kwa kidevu upande uliokuwa na ukumbi, kisha akaendelea na mazungumzo yake kuhusu bei ya maziwa. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, mbali huko Marekani. Asubuhi ile ya kibandani nimeikumbuka mara nyingi kuliko likizo zote nilizowahi kulipia.

Tangu hapo hubeba kitabu kila safari. Mifuko ya plastiki tulikatazwa mwaka 2017, kwa hiyo changu hukaa ndani ya kipande cha koti kuukuu la mvua nilichomshonesha fundi cherehani. Kitabu kiwe chembamba na jalada laini. Nilibeba kinene mara moja, nikajuta tangu Ndumberi.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyenionya nalo. Kitu ukikipenda, watu wataanza kukutafutia faida yake. Mwenzangu kazini aliniwekea programu ya kuhesabu kilomita na kasi. Nilifurahi wiki chache, halafu nikajikuta Jumapili niko Tigoni, ukungu unapanda kutoka mabondeni, na mimi ninatazama simu kwa nini leo nimekuwa mzito kuliko juzi. Raha yangu ilikuwa imeanza kuwa na ripoti, nami ripoti nalipwa kuziandika Jumatatu hadi Ijumaa. Nikaifuta. Chama chetu kikapendekeza safari ya kuchangisha. Mdogo wangu Mombasa akasema nifanye video, mama wa makamo na baiskeli, "utapata watu wengi." Bosi akaomba niwazungumzie wafanyakazi kuhusu afya. Hata vitabu: rafiki yangu aliniingiza kwenye mashindano ya kusoma vitabu kadhaa kwa mwaka, na nikaanza kuchagua vyembamba ili nijaze idadi, si ili vikae kwenye mkoba. Wote wana nia njema, na wako wanaostawi kwa mashindano; kuna kundi la waendesha baiskeli nililotoka nalo ambalo ni watu wazuri sana, wakisimama wananingoja, wananipa ndizi. Lakini mtu anayengojwa hasimami kutazama kitu.

Nimejifunza kukataa kwa sentensi fupi: "Hiyo ni yangu tu." Nikiongeza maelezo napoteza. Wengine hununa, kisha husahau.

Na kwa kuwa wataniuliza: presha imeshuka kiasi. Dawa bado nameza. Asikudanganye mtu kwamba baiskeli na riwaya ni tiba, nenda ukapimwe.

Nyumbani ilibidi tukae kikao. Asubuhi ya Jumapili si ya mtu mmoja katika familia yenye watoto, na muda nilioupata niliuchukua kutoka kwa wengine. Tulikubaliana: githeri huchemka Jumamosi usiku, natoka saa kumi na mbili na nusu, saa saba niwe nimerudi, na Jumapili moja kwa mwezi siendi kabisa, ni zamu ya baba watoto kupotea anakotaka. Njia ninayopita naiandika kwenye karatasi ya friji. Noti ya 500 iko ndani ya bomba la kiti, imekunjwa kwenye kipande cha mpira, kwa ajili ya siku ambayo simu itazima na cheni itakatika kwa pamoja. Siku hiyo imekuja, na nilibariki mkono ulioiweka.

Kwenda peke yangu nimeacha. Jirani yangu wa ghorofa ya pili alijifunza kwa fundi yuleyule, kwa kutembea ameketi, naye sasa hunishinda vilimani na hachoki kunikumbusha. Yeye hasomi. Tukifika kibandani mimi hufungua kitabu na yeye huagiza chapati mbili na chai ya maziwa, na kwa dakika ishirini hatusemezani. Shida inaanza tukirudi. Ni lazima nimsimulie nilichosoma, neno kwa neno, hadi Kamiti, na nikikosa pumzi kwenye kilima husimama kuningoja, si kwa huruma, bali asipitwe. Wiki iliyopita aligundua kwamba niliruka mbele sura mbili Jumatano usiku, kitandani. Amekasirika kweli. Anasema kitabu ni cha Jumapili, na kwamba nikitaka kusoma katikati ya wiki nitafute kingine.